Ottilia na Kimya cha Bwana Stenmark

Dada yangu Ottilia alikula mkate wake ndani ya shimo. Zamani kila jukwaa la nchi hii lilikuwa na shimo dogo mbele, katikati, lenye kifuniko kama nusu ya pipa. Ndani yake aliketi mtu mwenye kitabu cha mchezo na taa ndogo, akiwanong'oneza waigizaji maneno yao. Watazamaji waliona kifuniko. Waigizaji waliona uso. Katika kampuni ya maigizo ya Hallvig uso huo ulikuwa wa Ottilia, na mimi mdogo wake nilikuwa nyuma na sindano na pasi, mtu wa mavazi.

Habari za waigizaji wakubwa zimeandikwa, na za yule mwandishi wetu wa Stockholm zimeandikwa mpaka basi. Simtaji jina. Hapa kila mtu anamjua, na wanaomchukia ndio wanaomjua zaidi. Za Ottilia hakuna aliyeandika.

Tulikuwa mabinti wa askari wa kijijini, mkoa wa Hälsingland. Ottilia alipewa kichwa, mimi nikapewa mikono. Kampuni ilipopita mji wa Söderhamn ikitafuta mshonaji nikaenda mimi, naye akanisindikiza tu, amebeba kapu. Siku hiyo mnong'onezaji wao alikuwa amelewa chakari, hata kiatu hakijui mguu. Hallvig mzee, baba yake huyu wa sasa, akauliza kama kuna mtu awezaye kusoma bila kusitasita. Ottilia akaweka kapu chini. Hakulichukua tena.

Bwana Stenmark ndiye alikuwa mfalme wetu. Mchezo wowote wenye mfalme, mfalme ni yeye. Mtu mrefu, kifua kama mlango wa kanisa, sauti ya kutikisa vioo. Alisogea mpaka karibu na zile taa za ukingoni mwa jukwaa, akafungua mikono, akawaambia watazamaji maneno yake uso kwa uso, na mke au adui anayeambiwa maneno hayo alisimama nyuma yake akitazama kisogo. Ndivyo ilivyokuwa, na hatukuona ajabu. Akimaliza, makofi, naye huinama. Niliwahi kumwona akifa kwa upanga, akapigiwa makofi, akainuka akainama, akarudi chini akafa tena. Watu waliondoka wameridhika.

Kisha kumbukumbu yake ikaanza kuvuja. Ilianza na majina. Aliniita Agda, ambalo ni langu, kesho yake Hilda, mwishowe jina la mama yake. Baadaye yakafuata maneno ya michezo, beti nzima nzima. Ottilia alijua kabla ya wote kwa sababu ndiye aliyemwona usoni. Akaanza kumpa kila mstari kabla hajauhitaji, taratibu, kama mtu anayemtangulia mzee juu ya barafu akimwonyesha pa kukanyaga. Wakapatana ishara: akigusa kifungo cha juu cha koti, amepotea, apewe neno haraka. Tulijua sisi watatu tu. Mwigizaji asiyeshika maneno ni farasi kiwete, anajua mwenyewe anakopelekwa, na Bwana Stenmark hakuwa na mke wala nyumba. Alikuwa na dada mmoja huko Skövde, mcha Mungu, aliyeliita jukwaa kibanda cha shetani. Nje ya jukwaa hakuwa na pa kwenda ila kwa dada huyo. Kwa hiyo Ottilia alikuwa na kazi moja duniani, kumzuia yule mtu asianguke.

Na alimpenda. Sitazunguka mbuyu. Kila mji tuliofika, alasiri, walikunywa kahawa pamoja jikoni mwa nyumba ya wageni, sukari wameishika kwa meno kama kwetu, na mikate ya iliki kama ipo. Waliongea hivi: "Je, Bwana Stenmark atapenda kikombe cha pili?" Naye: "Ikiwa Bi Rask naye atakunywa," maana Rask ndilo jina la ukoo wetu. Mtu yuko mbele yako, magoti yanakaribia kugusana, nawe unamsema kama yuko Uchina.

Desturi yetu ni hiyo. Mtu asiye ndugu yako humwiti "wewe" wala kwa jina lake tupu mpaka mmeacha vyeo. Mmoja huinua glasi, hutaja jina lake, mwingine hutaja lake, mnatazamana machoni, mnakunywa, basi, toka hapo ni wewe na mimi. Ila si kila mtu anaruhusiwa kuanza. Mkubwa ndiye humwambia mdogo. Tena wengine husema, kati ya mwanamume na mwanamke, mwanamke ndiye huanza. Hapo ndipo wale wawili walipokwama.

Nilimwambia Ottilia, nikamwambia tena. Aanze yeye, ni mwanamke.

"Yeye ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi," akasema. "Nikianza mimi ataniona sina adabu."

"Atakuona una akili, kwa mara ya kwanza."

"Agda, piga pasi."

Nikaenda upande wa pili. Nilikuwa namfunga Bwana Stenmark mkanda wa ufalme, nikasema kwa mbali kwamba wako watu hapa wanaokunywa kahawa na vyeo mpaka wataota ndevu. Akacheka, kisha akawa mkavu. Akasema jambo la namna hiyo ni haki ya bibi kulianzisha, mwanamume anayemtangulia bibi ni mhuni. Basi yeye anamngoja bibi, na bibi anamngoja mkubwa, na kahawa inapoa.

Hallvig mzee akafa, kampuni ikawa ya mwanawe, Hallvig huyu kijana, mwembamba, wa kuvuta sigara kabla ya chai. Alikwenda Stockholm akakaa majira mazima, akiingia kila jioni katika chumba kidogo walichokuwa wakicheza michezo ya yule mwandishi wetu. Akaenda na Berlin, akakuta Wajerumani nao wanamfuata huyohuyo. Alirudi kwetu kama mtu aliyeongoka. Akatuita wote jukwaani akasema ya kale yamekwisha. Hakuna tena kuchora picha za masufuria ukutani. Masufuria ya kweli yatundikwe. Taa za ukingoni zitolewe, zinawafanya watu wafanane na wafu. Hakuna kuinama katikati ya mchezo. Mtu akisema na mkewe amtazame mkewe, na ikibidi awape watazamaji mgongo. Na kimya. Mtu akinyamaza jukwaani, kimya hicho ni neno, tena zito kuliko mengine.

Bwana Stenmark akasema kwa ile sauti yake, "Niwape watu mgongo? Mgongo wangu haujafundishwa kusema."

"Bwana Stenmark ataufundisha," akajibu Hallvig.

Wakacheka vijana. Mimi nilimtazama Ottilia. Yeye alikuwa anatazama miguuni pa Hallvig, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya kile kifuniko, akikigonga kwa kisigino. Shimo nalo lilifungwa wiki hiyo kwa mbao na misumari. Ottilia akapewa kigoda nyuma ya ukuta wa jukwaa, karibu na mlango, na amri juu: vimya vyote vimeandikwa kwenye kitabu, na atakayenong'ona ndani ya kimya ataondoka katika kampuni.

Mchezo wenyewe haukuwa wa yule mwandishi mkubwa. Ulikuwa wa kijana wa Uppsala aliyemfuata nyuma kama kifaranga cha bata. Siku hizo walikuwa wengi. Ulikuwa na chumba kimoja, meza moja, baba mzee aliyekuwa ofisa wa forodha, na binti yake. Kwa mazungumzo tu, huku wanakula, yule binti anamchimba baba yake kuhusu usiku mama alipofia kwenye theluji nje ya nyumba yao wenyewe. Mwisho anamwuliza nani alifunga mlango. Baba anainuka, anawapa watu mgongo, ananyamaza kimya kirefu, kisha anasema, "Ni mimi niliyefunga." Pazia. Hakuna mfalme, hakuna upanga. Supu ya njegere mezani ilikuwa ya kweli, yenye nyama ya nguruwe, na harufu yake ilifika hadi safu za nyuma. Mazoezini mwigizaji wetu mnene mmoja alisema sanaa mpya haina ubaya ikiwa inakuja na chakula.

Hallvig alimpa Bwana Stenmark nafasi ya baba. Angempa mwingine tungepona, lakini jina la Stenmark ndilo lililouza tiketi. Bwana Stenmark hakuweza kukataa, maana angeulizwa sababu.

Basi Ottilia akamfundisha jikoni, mji baada ya mji. Maneno haya mapya yalikuwa mabaya kuyashika. Yale ya zamani yalikuwa na vina, neno linavuta neno kama mabehewa. Haya yalikuwa kama watu wanavyoongea, yanakatika katikati, yanarudi nyuma, hayana mpini. Alimrudisha na kumrudisha. Nilikuwa nakaa nao na soksi zangu za kutia viraka, na naapa sikuwahi kumwona mtu mzima akivumiliwa vile. Usemi mmoja ulimshinda zaidi, ule wa mwisho baada ya kimya. Anaujua asubuhi, jioni umekwenda.

Lakini Ottilia aligundua kitu, akafurahi kama mtoto. Bwana Stenmark akiwapa watu mgongo, atakuwa anautazama ule mlango wa nyuma. Mlango utaachwa wazi kidogo, na nyuma ya upenyo atakuwepo yeye. Watu hawatauona uso wake, Ottilia atauona.

"Bwana Stenmark akigusa kifungo," akamwambia, "mimi nitasema, hata kama ni ndani ya kimya."

"Na Bi Rask atafukuzwa."

"Hilo aniachie mimi."

Hivyo ndivyo walivyopatana. Shida ya yote yaliyofuata ni kwamba kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Tulifungua Gävle, wakati wa baridi. Kabla ya usiku wa kwanza waigizaji wa kwetu hupigana mateke ya matakoni, ndiyo baraka, na ole wake atakayesema asante. Bwana Stenmark alikuja nyuma ya mlango tayari amevaa koti la forodha, akamgeuzia Ottilia matako.

"Je, Bi Rask ana mguu," akauliza, "au nimwite punda?"

Ottilia akampiga teke dogo la haya. Akageuka, akainama kidogo, akasema, "Asante."

Mtu aliyelelewa jukwaani angesahau jina la Mungu kabla ya kusahau mwiko huo. Yule mnene akatema mate pembeni. Hallvig akasema huo ni ushirikina wa kale, nao umekwisha, watu washike nafasi zao. Ottilia akaketi kwenye kigoda, nami nikasimama nyuma yake nimeshika shali ya yule binti.

Mchezo ukaenda vizuri. Alisitasita mara mbili mezani, lakini katika mtindo ule mpya kusitasita ni ufundi, hakuna aliyejali. Ikafika. Binti akauliza nani alifunga mlango. Bwana Stenmark akaweka kijiko, akainuka, akageuka, akaja hatua chache kuelekea kwetu akasimama. Uso wake ulikuwa umetulia. Sikuona woga. Mikono ilining'inia tu, wala hakugusa kifungo.

Ottilia alikuwa ameinamisha kichwa mbele, midomo wazi, neno liko ulimini. Macho yake yako kwenye mkono wa yule mtu. Kimya kilichoandikwa kikapita. Nilijua kimepita kwa sababu yule binti mezani alianza kukunja kitambaa. Ukumbini hakuna aliyekohoa, na Gävle wakati wa baridi ni mji wa kukohoa.

Hapo Bwana Stenmark akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo, ya nyumbani, iliyofika mlangoni kwetu tu:

"Ottilia. Nisaidie."

Jina tupu. Bila Bi, bila Rask. Dada yangu alikuwa amelingoja tangu kiuno chake kilipokuwa chembamba. Nami niliona likimpata: mabega yalishuka, kitabu kikateleza gotini, na lile neno lililokuwa ulimini likaondoka. Alimtazama tu. Na yeye akamtazama. Nikamsukuma Ottilia begani, nikamsukuma tena. Mimi mwenyewe neno nililijua, lakini niliuma meno, maana hiyo haikuwa kazi yangu na sikujua kama naruhusiwa kuwaingilia wale wawili hapo.

Hallvig upande wa pili akashusha pazia.

Mwanzo hakukuwa na makofi. Halafu yakaja, na kulikuwa na watu wanalia, wanaume kwa wanawake. Hallvig akaja mbio. Akamshika Bwana Stenmark mikono yote miwili, akasema hajaona kitu kama hicho Stockholm wala Berlin, na kwamba ule usemi wa mwisho unafutwa, hauhitajiki, mgongo umeusema. Kila jioni iwe hivyohivyo, asiongeze wala asipunguze. Gazeti la asubuhi likasema vilevile kwa maneno marefu zaidi.

Fikiria. Usemi uliomshinda umefutwa. Angebaki miaka mingine akisimama tu.

Chumbani nilimvua koti la forodha. Aliniuliza tuko mji gani, nikamwambia Gävle. Akasema ndiyo, Gävle. Kisha akasema, "Bi Agda, nilimwita. Aliniona nimepotea, nikamwita, akanyamaza."

Nikamwambia labda hakuelewa.

"Miaka yote alielewa. Aliambiwa akinong'ona atafukuzwa. Simlaumu, kila mtu ana mkate wake. Lakini sitasimama tena mbele ya ule mlango nione ananitazama vile." Asubuhi angepanda treni kwenda kwa dada yake Skövde, na akaniomba nisimwambie Ottilia.

Nilimwambia papo hapo. Mimi si mtu wa kuwatunzia siri watu wanaojiharibia maisha. Ottilia alikuwa kitandani amekaa na viatu. Nikamwambia anadhani umemwacha kwa ajili ya mkate, asubuhi anapanda treni kwenda Skövde, vaa koti uende stesheni umwambie.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba jina lako ndilo lililokufunga mdomo."

Akasema kama Bwana Stenmark alijua anamwita nani, basi ameacha vyeo, na ni juu yake kuja kumalizia. Na kama alikuwa amepotea, hakumwita yeye. Alimwita mtu yeyote, kama anavyoniita mimi Hilda. Nikamwambia mtu aliyepotea haiti jina sawasawa. Akasema bado anaweza. Nikamwita mpumbavu. Akasema wapumbavu wa ukoo wetu ni wengi.

Asubuhi alivaa koti. Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akafika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. Kisha akaanza kufungua vifungo kutoka juu, kimoja kimoja. Treni tuliisikia kutoka pale.

Hallvig alikasirika kupotelewa na mtu wake, lakini mchezo alikuwa nao. Akaleta mwigizaji mpya kutoka Norrköping, kijana aliyepakwa mvi. Akamwita Ottilia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi, amwonyeshe kijana jinsi Stenmark alivyosimama, urefu wa kile kimya, uso ulikuwaje. Wote tulikuwepo. Ottilia akasimama kutoka kwenye kigoda.

"Hakikuwa kimya," akasema. "Alisahau. Alikuwa anaomba neno."

Hallvig akacheka kwa upole, kama unavyomcheka shangazi. Akasema Bi Rask amekaa shimoni muda mrefu mno, kila anayenyamaza anadhani amesahau. Huu ni wakati mwingine sasa. Yule kijana akacheka pia. Kisha akageuka, akatugeuzia mgongo, akanyamaza, na nimpe haki yake, alifanya vizuri. Waliokuwepo waliguswa. Ottilia alitoka nje. Baadaye aliniambia kosa lake la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza: amefichua siri ya mtu, na hakuna hata aliyeitaka.

Kampuni aliiacha kabla ya Pasaka. Alifanya kazi katika duka la glavu hapa Gävle, mimi nikaendelea na sindano yangu. Niliona mtindo ule ukienea mpaka kwenye kumbi za wafanyakazi, migongo kila mahali, vimya kila mahali, na mashimo yakizibwa mji mmoja baada ya mwingine. Sisemi ni vibaya. Ile michezo ya kifalme nisingeitazama tena leo. Waliomsoma yule mwandishi wetu walijifunza kwamba mtu anaweza kuungua ndani huku anakunywa supu, na hilo ni kweli. Nimeliona nyumbani kwangu bila tiketi.

Bwana Stenmark hakuandika, wala dada yangu. Miaka minne au mitano ikapita, gazeti likasema amefariki Skövde, mwigizaji wa kile kimya maarufu. Ottilia alisoma, akakunja gazeti, akasema anakwenda. Nikaenda naye.

Kanisani dada wa marehemu alisimama mlangoni, amevaa nguo nyeusi tupu, akiwapanga watu: ndugu mbele, majirani katikati. Akamwuliza Ottilia yeye alikuwa nani kwa marehemu.

Nilingoja. Nilimbinya mkono.

"Tulifanya kazi pamoja," akasema.

Yule mama akatuonyesha kiti cha mwisho kabisa. Nikamwambia Ottilia twende mbele, aje mtu atutoe nimwone. Akaniomba kwa macho nisifanye fujo, na kwa mara moja maishani nilimsikiliza. Tukakaa nyuma, karibu na mlango, na upepo ukatupiga miguuni mpaka walipotoa jeneza.